Makala Isiyoachwa Njiani

Mji mzima wa Tanga ulijua sheria: makala ya blogu ikiachwa njiani na msomaji mmoja tu, inafutika palepale na hairudi tena. Wengi walishakata tamaa. Mama Salha, thubutu! Kila alfajiri aliandika kabla hata ya kubandika chai, kisha akamsomea mumewe, Mbwana, huku amemkazia macho. Mume akipiga mwayo tu, sentensi ile inakwenda na maji.

"Anza na lenye uzito," alikuwa akijisemea, huku anafuta.

Jioni moja makala yake ya mkate wa kumimina ikasomwa na mji mzima mpaka nukta ya mwisho. Ya kwanza tangu sheria ianze! Simu haikunyamaza. Majirani walijaa barazani wakipiga vigelegele, na Mama Salha akacheza mpaka kanga ikamdondoka begani.

Wageni walipoondoka, Mbwana akamsogelea.

"Mke wangu, leo nimetoka gereji, nikasema nipitie sokoni, jua lilikuwa kali, basi nikakaa kidogo pale kivulini..."

"Unazunguka, Baba Salha! Anza na lenye uzito."

Mbwana akayapanga maneno yake upya kama mwanafunzi msikivu.

"Kifua kinanibana tangu mchana."

Hiyo sasa ndiyo sentensi! Fupi, safi, haina neno la kukata. Mama Salha alikuwa ameshampigia makofi ndipo maana ilipomfikia.