Jina Kwenye Jalada

Baba Nzisa alinawa kwa sabuni, akajipangusa kidole kwa kidole, ndipo akakitoa kitabu chake cha katuni kwenye nailoni. Binti yetu akamnyooshea mikono abebwe.

"Ngoja, mami. Utanichafua."

Nilikionea wivu kile kitabu. Mimi hajawahi kunishika hivyo.

"Na kweli hivi vya juzi vitakuja kupata bei kama vile vya zamani?" nikauliza. "Yule muuza vitabu wa Tala anasema vilichapishwa vingi mno, na kila mtu ameficha chake."

"Huyo anajua nini? Mama Nzisa, hii ni karo ya mtoto. Bora tu isipate hata alama moja."

Simu yake ikalia, akakilaza kitabu mezani, akatoka nje kuongea.

Kwetu, kitabu cha mtoto hakikai nyumbani bila jina lake kwenye jalada. Nikachukua kalamu ya biro, nikampakata Nzisa, nikaufunika mkono wake kwa wangu. Jalada lilikuwa laini, lenye baridi. Tukaandika tukikandamiza.

Aliporudi tulikuwa kwenye herufi ya tatu.

"Zimebaki mbili," nikamwambia. "Njoo umshike mkono, mmalizie."