Mlango Uliogoma

Mlango ulikataa katakata kufunguka, na mimi jasho lilikuwa limenilowesha mgongo mzima.

Hakimu alitaka aione nyumba kwa macho yake, ndiyo maana mahakama nzima ilikuwa imesimama barazani. Mimi ndiye mnunuzi. Nilikuwa nimekula kiapo kwamba muuzaji, nesi mstaafu, hakunikabidhi ufunguo siku tuliyokubaliana, hivyo mkataba uvunjwe na nirudishiwe malipo yangu ya awali. Yeye alishikilia kwamba alinipa mkononi. Karatasi hana, shahidi hana.

"Sijawahi kukanyaga humu ndani," nilimwambia hakimu tena, ingawa hakuwa ameniuliza.

Karani wa mahakama alizungusha ufunguo wa akiba aliopewa na yule nesi, akasukuma. Wapi! Wakili wangu akajaribu kwa bega, akaishia kupangusa vumbi kwenye koti.

"Mama, tusaidie basi," karani akasema.

"Na uzee huu, baba? Jaribuni tu," akajibu yule nesi, akaegemea ukuta.

Hakimu akatazama saa, akafunga faili. Nikaona kesi inaahirishwa tena, mwezi mwingine wa kukosa usingizi.

"Hebu nipisheni!" nikasema.

Nikainua kitasa juu kidogo, nikakandamiza goti pale chini ambapo rangi imebanduka, nikazungusha ufunguo nusu, nikaurudisha. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Hakimu akaniangalia, akafungua faili tena. Goti langu lilikuwa bado limegusa mbao.

"Karibu nyumbani, mwanangu," yule nesi akasema.