Kikombe Mbele ya Magoti

Kahawa ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa. Sheikh Hayil alikuwa na kikombe chake mbele ya magoti, na wazee wote aliokuja nao vivyo hivyo. Hawakuja kunywa. Walikuja kuomba, na kwetu mwombaji hanywi mpaka aliyeombwa akubali.

Mwenye hema, Abu Farhan, alitazama mkeka tu. Farhan, mwanawe wa pekee, alikuwa ameajiriwa kushika bendera ya kuongoza magari kwenye Barabara ya Jangwani, pale inapopanuliwa, si mbali na hema lao. Asubuhi moja ya upepo na vumbi, lori la fosfeti likaingia upande uliofungwa na kumkuta amesimama. Alikuwa aoe baada ya Idi.

Dereva, kijana aitwaye Rakan, alikuwa mahabusu. Baba yake, Abu Rakan, alikuwa humo humo hemani, mwisho wa safu, karibu na viatu. Desturi ilimtaka abaki nyumbani awaachie wazee kazi hiyo. Yeye alisema hatajificha. Sasa alikuwa amejikunyata pale mlangoni, akijuta kuja.

"Abu Farhan," Sheikh Hayil alianza, "barabara hii tuliililia sisi wenyewe. Tulisema nyembamba, inatumaliza. Sasa wanaipanua, na bado inatula. Hakuna hapa ambaye hajamzika mtu wake kwa ajili yake. Tumekuja tukuombe umsamehe huyu kijana, atoke."

Abu Farhan aliendelea kutazama mkeka. Kimya kikawa kirefu mpaka kikamshinda Mzee Sweilem, ambaye kimya chochote humshinda.

"Lakini mashallah kondoo wako, bwana! Nimewaona nje. Kiangazi hiki sisi wenzako tumebaki na ngozi na pembe, wako wewe mikia imejaa mafuta. Hebu tupe siri."

Abu Farhan akavuta ncha ya kilemba, akajifunika mdomo.

"Sweilem," Sheikh alisema kwa sauti ya chini, "tuko msibani. Ukikosa la kusema, kohoa."

Abu Rakan aliona aibu kwa niaba yao wote, kisha akaona aibu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa kubwa zaidi. Alidhani anajua kwa nini baba wa marehemu hataki kusema. Ni ule uongo. Nani amsamehe mtu aliyeua, halafu akadanganya?

Rakan aliwaambia polisi kwamba njia ilikuwa wazi. Hata baba yake alipokwenda kumwona alishikilia hayo hayo: "Wallahi, baba, hapakuwa na kizuizi hata kimoja. Niliona njia nyeupe, nikapita." Lakini mhandisi wa barabara alimwonyesha Abu Rakan vile vizuizi, madude ya plastiki nyekundu yanayojazwa maji ili yawe mazito. Vikijaa, alisema mhandisi, wanaume wanne hawavisogezi, sembuse upepo. Vilikutwa vimetawanyika mchangani, na kilichovitawanya ni lori. Abu Rakan alikubali. Ujana wake wote aliumalizia kwenye usukani wa barabara ile ile, na alijua jinsi usingizi unavyomwiba dereva, na jinsi anavyoamka na uongo ukiwa tayari mdomoni. "Usiniongezee aibu," alimwambia mwanawe. Kijana alilia, na yeye akaondoka bila kumuaga.

Sasa akatambaa kwa magoti mpaka katikati ya mkeka.

"Abu Farhan, ndugu yangu, mwanangu alisinzia. Yale anayosema kwamba njia ilikuwa wazi ni uongo. Mimi niliyemzaa nakwambia mbele ya wanaume hawa: ni mwongo. Sikumlea hivyo. Sikuombi umsamehe kwa maneno yake. Nakuomba kwa uso wangu huu, ambao sijui tena niuweke wapi."

Wazee waliinamisha vichwa. Mtu kumkana mwanawe hadharani si jambo la kutazamwa. Abu Rakan alirudi kwenye nafasi yake karibu na viatu, masikio yakimuwaka moto.

Hapo ndipo Abu Farhan aliponyanyua macho kwa mara ya kwanza.

"Alikwambia hapakuwa na kizuizi?"

"Ndivyo alivyoniambia."

"Akaapa?"

"Aliapa."

"Na wewe, baba yake, hukumwamini."

"Ningemwaminije, Abu Farhan? Vimejaa maji mpaka shingoni! Upepo gani unaobeba mzigo ule?"

Abu Farhan alisimama. Mzee Sweilem, akiamini kwamba wanafukuzwa, alianza kutafuta ndara zake kwa mguu. Sheikh Hayil alifumba macho. Lakini mwenye hema hakusema watoke. Alichukua dele, akajimiminia kikombe kimoja cha kahawa, akapita mbele ya safu nzima ya wazee, mbele ya Sheikh mwenyewe, mpaka mlangoni kwenye viatu. Akapiga magoti mbele ya Abu Rakan. Kahawa ilimwagikia vidole, naye hakuvifuta.

Alikiweka kikombe chini, mbele ya magoti yake mwenyewe, bila kukionja.

"Boza la maji halikuja mwezi mzima, Abu Rakan, na kondoo walikuwa wanakufa," alisema. "Nilifungua vizibo vya vile vizuizi usiku nikawanywesha, nikajiambia boza likija nitavijaza tena."