Makadirio ya Fundi wa Saa

Kitheka, fundi wa saa, alikuwa amechutama nyuma ya tangi la maji la kanisa lao la Kiganjo, simu sikioni. Mzee wa kamati, miaka hamsini na nne, amejificha kama mwizi wa kuku. Alijicheka, kisha akainama zaidi.

Ndani, mnada wa sadaka ulikuwa umefika kwenye sarafu ya Kihispania iliyookotwa kwenye kikapu cha sadaka bila mwenyewe. Kaleli wa boda ndiye aliyekuwa akimnunulia.

"Elfu arobaini," Kitheka alinong'ona.

"Fundi, si wewe uliambia kanisa ni ya mia tano?"

"Nilisema. Ndiyo maana niko huku kwa matope."

Alipewa aikadirie kwa sababu ndiye pekee mwenye kioo cha kukuzia. Siku tatu aliitazama mezani nyumbani, akailinganisha na picha za simu. Mfalme, mwaka 1791, manjano tupu. Laki nne, alikadiria. Dhahabu yenyewe hakuwahi kuishika. Hata pete yake ya ndoa ilikuwa shaba. Lakini ule uongo wa mia tano ulimtoka bila kigugumizi. Aliona aibu, ingawa si ya kutosha.

"Kuna Bridget hapa," Kaleli alisema. "Ananunulia mtu kwa simu. Amesema hamsini."

Kitheka aliogopa, halafu akafurahi. Nani angetoa elfu hamsini kwa shaba? Kila Bridget alipoongeza, yeye alizidi kuamini macho yake.

Alikuwa na elfu sitini na mbili, pesa ya mabati waliyoweka na mkewe Mbithe miaka miwili. Nyumba waliyokuwa wakijenga Ngoingwa ilikuwa kuta tu, na mvua ilikuwa karibu. Jumatatu angeiuza sarafu kwa sonara wa Ruiru, kisha ndipo amweleze Mbithe.

"Bridget amefika sitini na moja."

"Sitini na mbili," alisema.

Ndani wakapiga makofi. Ilikuwa yake.

Hakuweza kungoja Jumatatu. Alipofika nyumbani alimkuta Mbithe kwenye kochi, amejifunika leso kwa mafua, akaiweka sarafu mbele yake.

"Mama Kyalo, usikasirike. Nimeinunua na pesa yote ya mabati."

Mbithe aliitazama sarafu, akamtazama yeye.

"Vile ulikuwa unaikodolea macho, nilijua tu ni dhahabu," akasema polepole. "Kwenye simu Bridget alitaka niongeze, nikamwambia pesa yetu imeishia hapo."