Kikohozi cha Mama Annuarite

"Ukifinya, ukohoe," Byamungu, mwalimu wa kompyuta, alimwambia mwanafunzi wake, Mama Annuarite, huku akimfichia kipanya chini ya kitenge. "We kohoa tu, mama. Mi nitasema njo vumbi ya Dzaleka."

Mkaguzi kutoka Lilongwe alikuwa njiani kuja kambini Dzaleka. Ofisi yake ilitaka jambo moja: mwanafunzi aongeze programu mpya kwenye kompyuta kwa kibodi peke yake, bila kipanya, ili hata watu kama Narcisse, ambaye vita vilimwachia vidole viwili, waweze. Chumba cha kompyuta kikishindwa, kinafungwa.

Wiki nzima Byamungu alihangaika. Dirisha la kuongezea programu lilikuwa zuri, limejaa picha za rangi. Lakini ukibonyeza Tab kwenye kibodi ili usogee bila kipanya, ilipita kila mahali na kukiruka kitufe kimoja tu, kile cha "Sakinisha", kama mgawa unga anayekuruka wewe peke yako kwenye foleni.

Mama Annuarite hakupenda udanganyifu. Ndiye aliyeongoza sala za akina mama. Lakini humu ndimo barua pepe ya binti yake Nadège ilimofikia kutoka kwao Uvira mwezi uliopita, baada ya miaka miwili ya kimya. Chumba kikifungwa, barua ya pili itapitia wapi?

Gari likafika. Mkaguzi, Madame Claudette, akashuka na miwani myeusi, ameshikwa mkono na dereva.

"Unaona mukubwa?" Byamungu alinong'ona. "Hata kutembea banamutembeza!"

Akanyoosha mkono kumsalimu. Madame akaupita. Mkubwa kabisa! Akamwonyesha cheti ukutani. Hakugeuza hata shingo. Wakubwa wameshachoshwa na vyeti.

Ila Mama Annuarite aliona jambo moja. Maji yalipoletwa, Madame alisema dereva anywe kwanza, maana ameendesha juani. Dereva akanywa, kisha akamwekea Madame glasi yake kiganjani, taratibu, kama anayemhudumia mama yake mzazi.

"Haya, mama, anza," Madame alisema.

Mama Annuarite akabonyeza Tab, Tab, Tab, kwa kidole kimoja, kwa fahari. Akafika pale inaporuka. Akakohoa vizuri, hadi akamaliza. Ndipo, kwa kuwa alilelewa kufanya jambo moja kwanza na jingine baadaye, akafinya kipanya.

Tik.

Programu ikaanza kuingia. Byamungu akapiga makofi. "Madame, umejionea mwenyewe! Kibodi tu!"

"Pole na kikohozi, mama," Madame alisema kwa upole. "Lakini ile tik imetoka chini ya kitenge."

Makofi yakakatika. Mama Annuarite akakiweka kipanya mezani.

"Unisamehe, mwanangu. Ile kitufe inakataa kufikiwa. Na barua ya mutoto wangu inapitaka humu."

"Najua inakataa, mama," Madame alijibu, sasa kwa Kiswahili cha kwao. " Mi nilifinya Tab mwezi muzima pale Area 49, Lilongwe, inaniruka tu. Ningeandika mumefaulu, bale balioitengeneza bangelala usingizi. Nitaandika ni programu njo ilishindwa, si ninyi. Chumba kitabaki wazi. Umujibu mutoto."

Dereva alikuwa ameshatoka kuwasha gari. Madame Claudette akafungua mkoba, akakunjua fimbo nyeupe, akaanza kugongagonga sakafu akiutafuta mlango.