Mbeleko ya Kufungwa Mgongoni

"Hii hapana," alisema bibi, akaitupa mezani. "Mtu anaweza kuivua mwenyewe."

Muuzaji alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Duka zima la vitu vya watoto, kila mteja hutaka mbeleko nyepesi kuvaa na rahisi kuvua. Huyu alikuwa ameshazikataa karibu zote zilizotundikwa ukutani: ya kitambaa cha kuzungusha, ya pete begani, ya mgongoni yenye kiti. Zote zilikuwa na kosa moja tu, zinavulika.

"Mjukuu shingo imeshakaza, mama?"

"Imekaza zamani. Anakaa mwenyewe, na ukimpa kidole anakung'ata."

"Basi kuna hii." Muuzaji akaivaa, akachukua mdoli wa maonyesho mwenye chongo, akamweka kifuani kwake. "Magoti yanakaa juu, mgongo umeshikwa, na mtoto anaweza kutazama mbele. Wateja hawaipendi kwa sababu kifungo kikubwa kiko huku nyuma, katikati ya mabega. Lazima mwingine akufungulie."

Macho ya bibi yakang'aa. "Geuka nione."

Akaivuta mikanda kwa nguvu zote, muuzaji nusura ale mwereka. Mishono haikutikisika.

"Inaongezeka? Mvaaji ana mabega kama mlango."

"Kwani atakayebeba ni mwanamume?"

"Suruali anavaa. Uanaume wenyewe ndio tunaoutafuta."

Muuzaji akaangua kicheko, akavuta kiti. Duka lilikuwa tupu na masikio yake yalikuwa wazi. Bibi naye alikuwa amechoka kunyamaza, basi akamwaga yote. Kuna kijana mmoja mtanashati, alikaa na binti wa watu mpaka mimba ilipoonekana. Ilipoonekana tu, akahama na namba ya simu akabadilisha. Binti alipojifungua akamfuata kazini, mtoto mkononi. Kijana akamtazama mbele ya wenzake wote, akasema, "Si wangu." Sasa amepata mchumba kwingine, watu wenye uwezo, na amewaapia kwamba hajawahi kuzaa. Jumamosi ni sherehe ya uchumba.

"Si wangu!" bibi alirudia. Maneno hayo yalikuwa yamemkata maini. Alilala nayo, akaamka nayo, akapika nayo hadi chakula kikaungua. Hakutaka kuombwa radhi, radhi ni mate tu. Alitaka kijana yule akose pa kuweka uso wake, na mtoto apate baba mbele ya mashahidi.

"Jamani, pole. Na binti yako anaendeleaje?"

"Kakonda. Lakini nikimwita anakuja."

"Sasa si mtafukuzwa mlangoni?"

"Thubutu! Mimi nimealikwa."

"Umealikwa? Na ubaya wote huo?"

"Kiti cha mbele kabisa," bibi alisema, akasimama. "Nifungie hiyo nyekundu. Nataka ionekane mpaka viti vya nyuma."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Kijana alisimama mbele na suti ya kijivu, mchumba wake pembeni, wakwe watarajiwa wameketi hatua chache tu kutoka alipo. Mshereheshaji akatangaza kwamba wakati wa zawadi umefika. Bibi akainuka na mkoba wake.

"Fumba macho," alimwambia kijana. "Nyoosha mikono."

Watu wakacheka. Kijana naye akatabasamu, akafumba macho, akanyoosha mikono kama mtoto anayevalishwa sare ya shule. Bibi akamvisha mikanda juu ya koti na kumkaza kiunoni. Akaupungia mkono mlango wa pembeni, na binti akaingia haraka, akamketisha mtoto mahali pake, uso mbele. Kifungo kikalia ka! katikati ya mabega.

Vicheko vikakatika. Kijana akafumbua macho.

Chini ya kidevu chake kulikuwa na kichwa kidogo chenye masikio yaliyochomoza pande zote mbili. Na yeye, masikio yale yale. Baba wa mchumba akasimama taratibu, akayatazama ya juu, akayatazama ya chini, kisha akarudia tena ya juu asije akamsingizia mtu. Mchumba akaivua pete na kuiweka juu ya keki. Mtoto yeye alikuwa anacheka tu na taa za ukumbini.

Kijana akapapasa mgongo wake kwa mkono huu, akapapasa kwa mkono ule. Havikufika vidole.

"Nifungue," alinong'ona, jasho likimchuruzika. "Nitaomba msamaha, nitafanya lolote, we nifungue tu."

Bibi alikuwa ameisubiri sauti hiyo kwa hamu, na ilikuwa tamu kuliko alivyodhani. Akamnyooshea kola iliyojikunja chini ya mkanda, taratibu, bila haraka yoyote.

"Simama wima," alimwambia. "Baba yako naye alisema 'si wangu', nikakubeba peke yangu. Huyu utambeba."