Rangi ya Uso wa Mume Wangu

Kuanzia mwaka huu watu tunaonana kwa picha. Ile unayoituma serikalini Januari ndiyo uso wako machoni pa kila mtu, mpaka mwaka uishe.

Ya mume wangu, Mzee Kitwana, niliitengeneza mimi kwenye kompyuta. Rangi laini haitaki haraka. Nilianza na kahawia ya chai ya maziwa, nikaififisha. Juu yake nikapitisha wekundu wa ganda la kitunguu, mwembamba hata rangi ya chini ikaonekana. Mwisho nikatia njano kidogo, kama binzari kwenye tui.

"Mama Mwatumu, usinifanye bwana harusi," akaniambia. "Wajane wa mtaani watanigombania."

"Wakuchukue, na kukoroma kwako!"

Nikaituma. Papo hapo uso wake ukanawiri, nami nikajisifu kweli. Huku tunacheka, nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto.

"Una homa, baba?"

"Mzima mimi."

Nikautazama uso, ambao miaka arobaini haujawahi kunificha ugonjwa. Ulikuwa unang'aa tu.

Nikampikia uji wa pilipili manga, homa ikashuka. Tangu siku ile kila nikipita namgusa, naye anadhani ni mapenzi.